Hamira ya Mtama na Umri wa Seli

Miongoni mwa viumbe ambavyo sayansi ya karne iliyopita ilivitegemea ili kujua seli hukua vipi, hugawanyika lini na huzeeka kwa nini, kimoja kinabeba katika jina lake la Kilatini neno analolijua kila mkazi wa wilaya ya Nyamagana, mjini Mwanza. Ni hamira iitwayo Schizosaccharomyces pombe. Ilipewa jina hilo mwaka 1893, mwaka mmoja baada ya Wajerumani kuuanzisha mji wa Mwanza kuwa kituo chao cha utawala, kwa kuwa ilipatikana katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Kwa kiumbe hicho na ndugu yake wa mbali, hamira ya mikate, wanasayansi walikuja kung'amua kwamba seli huupima wingi wa chakula chake kwa kubandika na kubandua alama ndogo za kikemia juu ya protini zake. Alama hizo huiamuru ikue na kuzaana au ijibane na kuvumilia, na kwa njia hiyo hugusa urefu wa maisha yake. Historia ya ujuzi huo ni ndefu kuliko historia ya maabara, na sehemu yake ya kwanza iliandikwa na watu ambao majina yao hayakuhifadhiwa.

Mtama ulianza kupandwa kaskazini-mashariki mwa Afrika. Mashariki ya Sudani yamepatikana mabaki yake ya takriban miaka 3000 kabla ya Kristo, yenye dalili za kuteuliwa na mkono wa binadamu. Ulezi ulitoka katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo, jamii za wakulima na wafua chuma, wale ambao wanaakiolojia huwatambua kwa vyungu vyao vya Urewe vyenye michoro ya mistari, zilikuwa zimeshika makazi kuzunguka ziwa ambalo baadaye lingeitwa Victoria. Penye nafaka na chungu, pombe haikukawia kupatikana. Nafaka iliyolowa huota, uji uliolala huchachuka, na mtu mwenye njaa hautupi uji huo kabla ya kuuonja.

Kufikia zama ambazo Wasukuma walikwisha kujipanga chini ya watemi wao kusini mwa ziwa, upishi wa pombe ulikuwa elimu kamili yenye hatua zake, na wenye elimu hiyo walikuwa hasa wanawake. Mtama ulilowekwa usiku kucha, ukatandazwa kivulini na kufunikwa hadi uote mizizi myeupe, kisha ukaanikwa juani na kusagwa; hicho ndicho kimea. Uji mzito ulipikwa, ukaachwa upoe hadi mkono uweze kuuvumilia, ndipo kimea kikatiwa. Mpishi aliyekitia mapema, uji ukiwa bado wa moto, alikiua. Aliyechelewa alipata uji usiokolea utamu. Usiku huo vimeng'enya vya mbegu iliyoota viliuvunja wanga kuwa sukari, na asubuhi kulikuwa na togwa, kinywaji kitamu ambacho hata watoto hunywa. Togwa iliyoachwa siku nyingine, au iliyotiwa mashapo ya mtungi uliotangulia, kwanza iliingia ukali wa asidi ya bakteria, kisha ikaanza kutoa povu. Mpishi alisikiliza mlio wa povu hilo na kujua kazi imefika wapi.

Katika mashapo hayo, yaliyobakizwa mtungi hata mtungi, kulikuwa na hamira iliyolelewa vizazi kwa vizazi bila kuonekana kwa macho. Aliyeitunza alikuwa akifanya bila darubini kile ambacho maabara za Ulaya zingekuja kukiita uhifadhi wa mbegu. Nalisema hili kwa uzito wote, maana vitabu vya historia ya sayansi hufungua simulizi ya hamira huko Delft au Copenhagen na kuyapita mashapo ya mtungi kana kwamba yalijitunza yenyewe. Pombe hiyo iliwakusanya majirani katika kulima na kuvuna, ilimiminwa katika matambiko, ilimkaribisha mgeni na kuambatana na maamuzi ya wazee.

Wageni wa Kizungu walipofika waliikuta kila mahali. Tarehe 3 Agosti 1858, John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka upande ulipo mji wa Mwanza leo, akalipa jina la malkia wake. Yeye na mwenzake Richard Burton, ambaye wakati huo alikuwa amebaki Kazeh karibu na Tabora, wanaitaja pombe mara nyingi katika vitabu vyao vya safari. Waliiona kuwa desturi ya nchi. Kwamba ndani yake mna kiumbe hai, hawakuuliza.

Swali hilo lilikuwa likiulizwa kwao wenyewe. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona chembe za hamira katika bia mwaka 1680 bila kujua ni hai. Mnamo 1837 Charles Cagniard-Latour wa Ufaransa na Theodor Schwann wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza kwamba chembe hizo huishi na kuzaana. Wanakemia wakubwa wa siku hizo waliwadhihaki. Ilibidi Louis Pasteur, kati ya miaka ya 1857 na 1876, aonyeshe kwa majaribio mengi kwamba uchachu ni kazi ya maisha, na kwamba kila aina ya uchachu ina kiumbe chake. Mwaka 1883, katika maabara ya kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kukuza hamira safi kutokana na seli moja tu. Tangu hapo viwanda vya bia vya Ulaya vikawa na njaa ya hamira mpya. Sampuli zilikusanywa kutoka kila pembe, na makoloni yalikuwa pembe mojawapo.

Hivyo ndivyo njia mbili zilivyokutana. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano yaliyogawana ushawishi wao Afrika Mashariki, na bara la Tanganyika, pamoja na mwambao wa kusini wa ziwa, likathibitishwa kuwa la Wajerumani. Bendera, askari, mazao na vielelezo vya kisayansi vilianza kusafiri katika njia moja. Miongoni mwa vielelezo hivyo ilikuwemo pombe ya nafaka. Paul Lindner, mtaalamu wa hamira nchini Ujerumani, alipoyachunguza mashapo yake aliona jambo geni. Hamira alizozizoea huchipuza: seli mama hutoa kichomozo kidogo kinachokua na kukatika. Hizi zilikuwa na umbo la fimbo fupi, zikirefuka ncha kwa ncha, halafu zikijenga ukuta katikati na kupasuka kuwa mbili zilizo sawa. Mwaka 1893 alitangaza spishi hiyo mpya na kuipa jina la kinywaji ilimotoka. Jina la kijiji ilikopikwa pombe hiyo halikuingia katika historia, wala la mpishi wake. Siwezi kusema ilitoka Usukuma, na hakuna haja ya kuivuta iwe hivyo. Nchi nzima iliyotawaliwa kutoka Bagamoyo na baadaye Dar es Salaam ilikuwa nchi ya mtama na ulezi.

Miaka minne baadaye, mwaka 1897, Eduard Buchner aliisaga hamira kwa mchanga, akakamua maji yake na kuyatia sukari. Maji hayo, yasiyo na seli hata moja iliyo hai, yalichachuka. Kumbe nguvu ya uchachu ilikuwa katika vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya maisha. Mwaka 1906 huko London, Arthur Harden na William Young walifanya jaribio ambalo kwangu mimi ndilo kitovu cha simulizi hii yote. Maji ya hamira yalipoanza kuchoka waliyaongezea fosfeti, na uchachu ukafufuka. Kisha wakagundua kwamba ndani ya maji hayo mna kitu kingine kidogo, kisichoharibiwa na joto la kuchemsha, ambacho bila yake vimeng'enya havifanyi kazi. Kitu hicho baadaye kilitambuliwa kuwa NAD. Harden alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929, akigawana na Hans von Euler-Chelpin. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba fosfeti ingekuja kuonekana kuwa alama kuu ambayo seli huibandika juu ya protini zake, wala kwamba NAD ingekuwa gharama ambayo seli huilipa ili kubandua alama nyingine. Vyote viwili vilipatikana katika maji yaleyale ya hamira, na vingesubiri zaidi ya nusu karne kabla ya kukutanishwa tena.

Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916. Katika utawala wao Usukuma ulitandikwa pamba, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika ziwani. Kilabu cha pombe kikawa kitu cha kupewa leseni na kutozwa ushuru, na bia ya chupa, iliyopikwa Nairobi tangu 1922 na Dar es Salaam tangu miaka ya 1930 kwa hamira za Kizungu, ikawa alama ya cheo. Pombe ya mtama ilishushwa hadhi ikaitwa ya kienyeji, ingawa haikukoma. Wakati huohuo spishi ya Lindner ilikuwa ikijitenga na nchi yake ya jina. Kizazi cha hamira hiyo kinachotumika katika maabara nyingi za dunia leo hakitokani na mtungi wa Afrika. Kilipatikana mwaka 1924 katika zabibu zilizochachuka, kikachunguzwa na Osterwalder wa Uswisi na kuhifadhiwa Delft, Uholanzi. Urs Leupold, kijana wa Kiswisi aliyekuwa Copenhagen mwishoni mwa miaka ya 1940, alikichukua huko na kuonyesha jinsi jinsia za hamira hiyo zinavyorithiwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1950. Jina likabaki la Kiswahili na damu ikawa ya Ulaya. Uchunguzi wa vinasaba vya hamira 161 za spishi hiyo kutoka pande mbalimbali za dunia, uliochapishwa mwaka 2015, ulikadiria kwamba kuenea kwake pamoja na binadamu kulianza yapata mwaka 340 kabla ya Kristo, na kwamba ilifika Amerika karibu na mwaka 1623. Tarehe ya kwanza inaangukia zama za vyungu vya Urewe. Haithibitishi kwamba asili yake ni huku, lakini inatosha kutukumbusha kwamba hamira hii ilisafiri kwa mikono ya watu muda mrefu kabla ya Lindner.

Kizazi cha baada ya Vita Kuu ya Pili kiliziona alama zenyewe. Mwaka 1955 huko Seattle, Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa wakichunguza jinsi msuli unavyofungua akiba yake ya sukari. Walikuta kwamba kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huwashwa kwa kubandikwa fosfeti na huzimwa inapobanduliwa. Protini ni ileile, urefu wake haubadiliki, wala seli haihitaji kuiunda upya. Fosfeti moja tu hugeuza tabia yake. Walipata Nobel mwaka 1992. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake huko New York walieleza alama ya pili, asetili, iliyobandikwa juu ya protini zinazofungwa na nyuzi za urithi ndani ya kiini. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1959, Robert Mortimer na John Johnston wa California walifanya jambo lililohitaji subira zaidi kuliko vifaa. Walikaa kwenye darubini na hamira ya mikate, na kila seli mama ilipochipuza walikitenga kichipukizi kwa sindano na kuhesabu. Seli mama haikuendelea milele: baada ya vichipukizi ishirini na kitu ilivimba, ikapunguza mwendo, ikakoma. Hamira ilikuwa na uzee, na uzee wake uliweza kuhesabiwa.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na kabla ya mwongo kuisha hospitali kubwa ya rufaa ilianza kujengwa juu ya kilima cha Bugando, katika wilaya ambayo leo ni Nyamagana. Ilifunguliwa mwaka 1971. Miaka hiyohiyo hamira ya Lindner iliingia katika kipindi chake cha fahari. Murdoch Mitchison wa Edinburgh alikuwa ameichagua tangu miaka ya 1950 kwa sababu ya umbo lake: seli yenye unene usiobadilika, inayozaliwa na urefu wa takriban maikromita 7 na kupasuka inapofikia 14, huonyesha umri wake kwa urefu wake tu. Mwingereza Paul Nurse alikwenda kwanza Bern kujifunza kwa Leupold, kisha akajiunga na Mitchison mwaka 1973. Akitafuta seli zenye hitilafu aliona kundi la seli fupi mno. Zilikuwa na afya, zikikua kwa mwendo wa kawaida, ila zilipasuka kabla ya wakati, zikiwa na karibu nusu ya ukubwa unaostahili. Kitu kilichokuwa kikiwazuia wenzao kilikuwa kimekosekana.

Kitu hicho ni kimeng'enya wee1. Kazi yake, kama ilivyokuja kufahamika baadaye, ni kubandika fosfeti mahali pamoja mahususi, kwenye asidi ya amino ya 15 ya protini iitwayo Cdc2, na fosfeti hiyo huizuia Cdc2 isianzishe mgawanyiko. Kimeng'enya kingine, Cdc25, huibandua, na hapo seli hupasuka. Tangu mwaka 1977 ilijulikana kwamba hamira hiyo ikihamishiwa kwenye chakula hafifu hukubali kupasuka ikiwa fupi zaidi. Chakula, basi, kilikuwa na usemi juu ya fosfeti hiyo. Mwaka 1987 Melanie Lee na Nurse waliingiza jeni za binadamu ndani ya hamira yenye Cdc2 mbovu, na mojawapo ikaiponya. Saa ya seli ya mtu na saa ya kiumbe kilichopatikana katika pombe ya nafaka zilikuwa na gurudumu moja, ingawa nasaba zao ziliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Nurse alipewa Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Mwaka uliofuata ramani nzima ya vinasaba vya hamira hiyo, yenye kromosomu tatu na jeni zisizofika 5,000, ilichapishwa.

Kuanzia miaka ya 1990 maswali ya chakula, alama na uzee yaliungana kuwa moja. Mwaka 1991 huko Basel, Joseph Heitman, Rao Movva na Michael Hall walichunguza dawa ya rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui uliochukuliwa mwaka 1964. Katika hamira ya mikate waligundua protini inayolengwa na dawa hiyo, TOR. Chakula kikiwa tele, TOR hubandika fosfeti juu ya protini nyingi: baadhi huwaka na kuamuru ujenzi, nyingine, zile zinazoongoza seli kujila na kusafisha uchakavu wake wa ndani, huzimwa. Usafishaji huo ndio aliouona Yoshinori Ohsumi katika hamira zenye njaa mwaka 1992, na uliompa Nobel mwaka 2016. Chakula kikipungua TOR hunyamaza, ujenzi husimama, usafi huanza, na seli hudumu zaidi. Sch9, mojawapo ya protini zinazopokea fosfeti kutoka kwa TOR, ilionyeshwa mwaka 2001 kuwa kikwazo cha maisha marefu: hamira zilizoikosa zilivumilia bila chakula muda mrefu kuliko wenzao.

Upande wa asetili nao ulikuja na kishindo. Mwaka 1999 na 2000, katika maabara ya Leonard Guarente huko Massachusetts, ilionekana kwamba hamira ya mikate ikipewa nakala ya ziada ya jeni SIR2 huchipuza mara nyingi zaidi kabla ya kufa, na kwamba protini ya Sir2 hubandua asetili kwa kutumia NAD, kile kitu cha Harden na Young. Kwa kuwa NAD ni kiungo cha uchachu wenyewe, ilielekea kwamba umetaboli na uzee vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja. Magazeti yalishangilia, makampuni yakaanzishwa. Kisha mwaka 2004 wengine walionyesha kwamba kuwapunguzia hamira sukari hurefusha maisha yao hata wakikosa Sir2, na mwaka 2011 madai kuhusu minyoo na nzi yakapunguzwa uzito kwa ushahidi mpya. Naona kipindi hiki ni cha heshima kwa sayansi, kwa kuwa waliojenga na waliobomoa walitoka mara nyingine katika maabara ileile. Kilichobaki baada ya vumbi kutulia ni imara: Sir2 hupungua seli inapozeeka, asetili huongezeka mahali pamoja mahususi juu ya protini za kiini, na mpangilio wa nyuzi za urithi hulegea.

Katika miaka hiyo ilidhihirika pia kwamba asetili haikai kwenye kiini peke yake. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba kimeng'enya Pck1, kinachoiwezesha hamira iliyoishiwa glukosi kujitengenezea nyingine, hakifanyi kazi bila kubandikwa asetili, na hamira isiyoweza kukibandika haidumu katika njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Taiwan na Marekani walieleza kisa cha Sip2, protini inayoambatana na kimeng'enya Snf1. Snf1 ndiyo huamka wakati sukari inapokwisha. Marian Carlson aliitambua jeni yake mwaka 1981. Sip2 yenye asetili huituliza Snf1. Hamira inapozeeka asetili ya Sip2 hupungua, Snf1 huachiwa, nayo huibandika fosfeti Sch9, na maisha hufupika. Waliporekebisha Sip2 ionekane kama imebandikwa asetili daima, seli mama zilichipuza mara nyingi zaidi. Hapa alama mbili za kale, fosfeti na asetili, zinashikana mkono katika seli moja.

Na hamira ya pombe je? Yenyewe hupasuka katikati, hivyo si rahisi kusema yupi ni mama na yupi ni mtoto. Mwaka 2013 watafiti wa Dresden waliifuatilia kizazi baada ya kizazi wakaripoti kwamba ikiwa na chakula kizuri na utulivu haionyeshi uzee kabisa. Ikipata dhiki, mmoja wa watoto hurithi mrundo wa protini zilizoharibika na kuanza kuzeeka, na mwenzake huondoka akiwa safi. Mwaka huohuo maabara ya London ilionyesha kwamba rapamaisini na kafeini hurefusha muda ambao hamira hiyo huweza kukaa hai bila kugawanyika. Wakulima wa buni wa Kagera, ng'ambo ya ziwa, wasiharakishe kulifurahia hilo, maana kipimo cha maabara hakifanani na cha kikombe. Tahadhari hiyohiyo inahitajika kila tunapotoka kwa hamira kwenda kwa mtu. Katika hamira ya mikate kuituliza Snf1 hurefusha maisha. Katika mnyoo wa maabara kuiamsha pacha yake ndiko hurefusha. Jamaa ya protini ni moja, lakini kila mwili umeipangia kazi kwa kadiri ya maisha yake.

Pacha huyo ndiye aliyefika Mwanza. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba Snf1 ya hamira na AMPK ya wanyama ni protini za ukoo mmoja, na mwaka 2001 ikaonyeshwa kwamba metformini, dawa ya kisukari iliyoingizwa katika tiba mwaka 1957 na Mfaransa Jean Sterne, huiamsha AMPK kwenye ini. Leo metformini ni dawa ya kila siku katika kliniki za kisukari za Nyamagana, wilaya ambamo watoto wa wakulima wa mtama wamekuwa madereva, makarani na wafanyabiashara wanaokaa kutwa na kunywa soda. Mwili uliorithi vimeng'enya vya kuvumilia njaa umewekwa katika shibe isiyokatika, na alama zilizoandaliwa kwa ajili ya msimu mmoja zimegeuka kuwa za mwaka mzima.

Kuna alama moja zaidi, ambayo haibandikwi na kimeng'enya chochote. Sukari ikizidi katika damu hujishika yenyewe kwenye hemoglobini na kubaki hapo. Samuel Rahbar, daktari wa Tehran, aliigundua hemoglobini hiyo kwa wagonjwa wa kisukari mwishoni mwa miaka ya 1960, na kipimo chake, HbA1c, sasa hutumika duniani kote. Msingi wake ni uzee wa seli: chembe nyekundu ya damu haina kiini, haiwezi kutengeneza protini mpya wala kuzisafisha za zamani, kwa hiyo hubeba kila sukari iliyoishika hadi inapokufa, yapata siku 120 baada ya kuzaliwa. Daktari anayesoma kipimo hicho anasoma historia ya miezi miwili au mitatu iliyoandikwa juu ya protini.

Lakini Kanda ya Ziwa ina historia nyingine ndani ya damu yake. Malaria ya mwambao, kwa maelfu ya miaka, ilimpa nafuu mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu, na jeni hiyo ikaenea hadi kanda hii ikawa miongoni mwa zenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini. Aliyerithi jeni mbili ana chembe nyekundu zinazokufa baada ya siku kumi hadi ishirini hivi, kabla sukari haijapata muda wa kuzishika vya kutosha. Kwake HbA1c husoma chini hata kisukari kikiwa kimepanda, na hata kwa mwenye jeni moja baadhi ya mashine hupotoka. Ndiyo maana daktari wa hapa hawezi kuitegemea namba hiyo peke yake. Humwita mgonjwa asubuhi kabla hajala, humpima sukari ya mfungo, na pale maabara inapoweza, huomba kipimo cha sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu, ambazo umri wake hautegemei chembe nyekundu.